Choroko za Yunisi, Kutoka Kiomboi Mpaka Brussels

Kina mama wa kwaya, na ninyi wenzangu wa sokoni, mliniletea kuni na unga, mkateka maji, mkalala msibani, wala hamkuniuliza neno. Nilijua mngeuliza baadaye, na mmeuliza. Kila mmoja nimemwambia kipande: mmoja anajua habari za Addis, mwingine kasikia habari za yule Mchina, mwingine ananiuliza kama ni kweli nilikwenda Ulaya kula choroko. Basi naandika yote mahali pamoja, msomeane, nami nipumzike kuyarudia kwa mdomo. Habari za viza na tiketi naziruka. Zilinichosha kuzifanya, zitawachosha kuzisoma.

Kiomboi mpaka Dar es Salaam

Yunisi ndiye mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Wengi wenu mnamkumbuka akiuza mboga kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Pale ndipo alipokutana na Wen, yule Mchina, mpishi wa kambi, wakafunga ndoa bomani Singida. Barabara ilipokwisha wakahamia Ubelgiji, mji wa Brussels, ambako baba mdogo wa Wen ana mgahawa. Wen akaingia jikoni, Yunisi akapata kazi ya usafi maofisini. Kisha akaanza kuumwa tumbo, na halikuwa tumbo la dawa ya kumeza.

Alinipigia simu, sauti nyembamba kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Dada, njoo. Na ukija niletee choroko za nyumbani."

"Kwani huko hakuna choroko?"

"Zipo. Nataka za kwetu. Wen anataka kunitengenezea tambi."

Nilidhani homa inamsemesha. Tambi tunazozijua ni za ngano, tunazikaanga na sukari na iliki. Tambi za choroko zinatoka wapi? Nilipomweleza mama, akasema, "Mwanangu ana hamu ya kande. Anaona haya kusema mbele ya yule mtu." Akatoa choroko za msimu ule, akakaa chini na ungo. Alizipepeta mpaka hakukuwa na jiwe wala ganda, na bado akaendelea kupepeta. Ikabidi nimwondolee ungo mkononi.

Basi letu lilipasuka tairi kabla ya Manyoni, na tairi la akiba likawa bovu kuliko lililopasuka. Tukakaa chini ya jua tukila mahindi ya kuchoma. Dodoma nikakuta treni niliyotaka imeshaondoka, nikapanda iliyofuata. Wale mliopanda treni ya umeme mnajua, ukitazama dirishani huwezi kuishika nguzo hata moja kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke nikaona kama ninamkaribia Yunisi.

Addis Ababa

Addis tulitakiwa kubadili ndege na kuendelea. Tukaingia ndani, tukafunga mikanda, tukakaa. Kisha tukaambiwa tushuke, kuna kitu kinatengenezwa. Tukarudi kwenye viti vya kusubiria. Kila aliyeuliza alijibiwa "bado kidogo", na kile kidogo kikala mchana mzima.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Nakuru, anaitwa Mercy, anamfuata mumewe anayesoma Ubelgiji. Nilifungua mfuko wangu nitafute sweta, akaziona choroko.

"Aki, umebeba ndengu mpaka Brussels?"

"Dengu? Hapana mama, dengu ni zile kubwa za njano. Hizi choroko."

"Hizi za kijani? Si ndiyo ndengu!"

Tukabishana, tukaita na Mtanzania mwingine atuamue, tukacheka. Nilikuwa sijacheka tangu simu ya Yunisi. Mercy akanigawia injera aliyonunua. Nilipoonja ule uchachu nikaificha mkononi, nikidhani chapati imelala. Akaniona. "Iko tu hivyo, dada. It's supposed to be sour. Kula." Nikala.

Aliniazima simu yake, maana yangu ilikuwa imeanza kuzimika. Wen alipokea, akaweka simu sikioni kwa Yunisi.

"Dada, umefika?"

"Bado, mama. Nipo Addis, ndege imechelewa."

"Choroko unazo?"

"Ninazo, ninazo kabisa."

"Haya," akasema. "Nasubiri."

Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Mercy alinitazama usoni nilipomrudishia simu, akanisogezea ule mfuko wa injera. Tulilala Addis, tukaondoka asubuhi, na simu yangu ilikuwa imekufa kabisa.

Uwanja wa ndege mpaka hospitali

Brussels walinitoa kando ya wenzangu kwa sababu ya ule mfuko. Kijana mwenye sare akamwaga choroko kwenye sinia jeupe, akazisambaza kwa kidole kama mtu anayetafuta jiwe. Akauliza kwa Kifaransa, nikajibu kwa Kiswahili. Akauliza kwa Kiingereza, nikamwambia kile nilichoweza, "My sister. Sick. Eat." Akamwita mwenzake, mwenzake akaita wa tatu. Mwishowe yule wa tatu, mtu mzima, akazinusa, akazirudisha mfukoni na kunionyesha mlango kwa mkono. Mercy alikuwa amekwisha kwenda zake.

Nje alinisubiri mama mmoja mnene wa makamo, kitenge kichwani na koti refu.

"Maman Anna? Mi ni Furaha, voisine ya Yunisi. Wen ananituma."

Yunisi alishanitajia Maman Furaha, jirani yake, mtu wa Bukavu, anayelea wazee kwenye nyumba yao ya kutunzia. Akanikumbatia kwa muda mrefu, akasema, "Pole, maman. Pole sana. Yunisi anaenda asubui."

Nami nikasikia kama vile ambavyo ningesikia hapa Kiomboi: Yunisi anakwenda asubuhi. Kesho.

"Anakwenda hospitali?"

"Ndiyo, njo kule eko, ku hôpital. Wen eko naye."

"Tutamwona leo?"

"Ndiyo, maman. Banaitika tumuone."

Nikashukuru Mungu. Nikaona yupo hospitali, kesho asubuhi watampeleka kwenye kipimo au upasuaji, nami nimewahi. Tukapanda treni, halafu metro. Njiani niliongea kuliko nilivyokuwa nimeongea safari nzima. Nilimweleza habari za tairi, habari za ndengu, habari za yule mzee aliyenusa choroko. Maman Furaha alinisikiliza, macho yamemjaa maji, akinishika mkono. Nilidhani ni mtu mwenye huruma.

Pale stesheni ya Schuman akanionyesha juu kwa kidole. "Hapa njo Yunisi alikuwa anatumika." Nikashtuka, nani alikuwa akimtumia? Akanieleza kuwa kwao kutumika ni kufanya kazi. Yunisi alisafisha ofisi hizo za juu, kabla wenye ofisi hawajafika. Nikacheka, nikamwambia, "Kiswahili chenu kitanitoa roho."

"Na chakula, anakula?" nikamuuliza.

"Jana anakula kidogo tu. Bouillon, supu."

"Akila hizi choroko atapata nguvu."

Akageuza uso. Alitazama dirishani mpaka tukashuka.

Hospitali walitupokea vizuri. Mwanamke mmoja akasema na Maman Furaha kwa sauti ya chini, akatutangulia, tukateremka ngazi. Nikawa najiuliza ni wodi gani ya kuwekwa chini. Mwisho wa ukumbi, Wen alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake. Amezeeka kuliko picha zake. Akasimama, akanipa mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Umechelewa kidogo. Kidogo tu."

Nikamgeukia Maman Furaha. Naye akanitazama, ndipo akaelewa.

"Maman, nilikuambia, non? Anaenda. Anaenda asubui ya leo. Anaisha kufa, maman. Nyumbani habakukuambia?"

Nyumbani walijua. Walinitafuta, simu haikupatikana. Baadaye Maman Furaha aliniambia kwao Bukavu "anaenda" ni mtu aliyekwisha kwenda, siyo anayekwenda, na kwamba njiani alidhani uchungu ndio unaonisemesha. Mimi nilitoka uwanja wa ndege mpaka mlango ule nikiwa na ndugu hai, na watu wote waliokaa karibu nami kwenye metro waliniona nikicheka.

Walikuwa wamemlaza vizuri. Maman Furaha ndiye aliyekuwa amemsuka nywele juzi yake, mistari imenyooka. Nilimshika miguu, maana uso ulinishinda. Nilikaa hapo. Wen alisimama ukutani, hakulia, alikuwa akinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Anderlecht

Nyumba yao iko Anderlecht, katika jengo refu la makazi ambalo chini yake kuna maghala. Kwa madirisha yake huoni jua, unaona mwanga tu. Wakongo wa jengo lile na wa kanisa la Maman Furaha walijaa humo ndani. Msiba nao wanauita matanga. Walikuja na sombe, ndicho kisamvu chetu, samaki na maandazi, wakaimba mpaka jirani mmoja Mbelgiji akagonga mlango. Nilifikiri amekuja kugomba. Alikuwa na sufuria ya supu mkononi.

Mama yangu alisema neno moja tu kwenye simu: "Mlete."

Niliogopa kumwambia Wen. Mnajua wenyewe mambo yalivyokuwa. Mama hakwenda bomani siku ya ndoa yao, wala hakuwahi kuongea na Wen kwa simu hata siku moja. Yunisi akisema "Wen anakusalimu", mama alijibu "Huko kuna baridi?" Sasa anataka mtoto wake arudi, na Wen hangeweza kusafiri, kibali chake cha kukaa kilikuwa kinashughulikiwa, akitoka asingeruhusiwa kurudi.

Nikamwambia mbele ya Maman Furaha. Wen akatikisa kichwa kukubali, mara moja.

"Mama akisema nyumbani, basi nyumbani."

Maman Furaha akaruka, "Na we, Wen? We utalilia wapi? Kaburi yako itakuwa wapi?"

Wen akainuka. Akaingia jikoni, tukasikia maji yanafunguliwa.

Siku iliyofuata tulikwenda sote watatu kutafuta nguo ya kumvisha, kwenye ile barabara ya maduka inayoitwa Chaussée d'Ixelles. Wen alichagua gauni la kijani, mikono mirefu. Msichana wa dukani akauliza saizi, Wen akaonyesha kwa mikono upana wa mabega ya Yunisi, kisha akaipunguza mikono. Yule msichana akatabasamu, akauliza kitu kingine. Maman Furaha akaitikia kwa kichwa tu. Basi msichana akachukua karatasi nzuri, akalikunja gauni, akafunga utepe, akapamba na ua la karatasi. Alikuwa ameuliza kama ni zawadi. Tulisimama pale tukimtazama akifunga, hakuna aliyemzuia. Nje, Wen alilibeba kifuani kwa mikono miwili mpaka nyumbani.

Tambi

Choroko nilikuwa nimeziacha mlangoni, bado ndani ya mfuko wake. Tulikuwa tunasubiri ruhusa ya kusafirisha mwili, siku hazina kazi. Asubuhi moja nikamkuta Wen ameziloweka kwenye ndoo.

"Unataka kupika kande?" nikamuuliza.

"Tambi. Mimi nilimwambia Yunisi, dada akifika na choroko, mimi napika. Yeye akasema, nasubiri. Sasa yeye hayupo. Lakini mimi nilisema nitapika."

Akanieleza kwamba kwao, kaskazini ya China, ni kazi ya ukoo wake. Mama yake alisaga, baba yake alikamua, na tambi zilianikwa uani kwenye miti mirefu kama nguo zilizofuliwa. Alipokuwa kambini kwetu alikuta choroko zikiuzwa hapo hapo, akamuuliza muuzaji kama anaweza kupata gunia. Muuzaji alikuwa Yunisi. Akamcheka kwamba choroko hazifanywi tambi. Wen akamfanyia, Yunisi akala, akarudi kesho yake kudai nyingine. Ndivyo walivyoanza. Mimi sikuwahi kuijua habari hii.

Alizisaga na maji, akachuja kwa kitambaa, akaacha yale maji yatulie. Kesho yake juu palikuwa na maji yenye uchachu, chini wanga mweupe mzito kama chokaa. Akamwaga maji, akaufunga ule wanga kwenye shuka na kuutundika bafuni udondoke. Siku ya kukanda, akachukua kidogo akakoroga na maji ya moto ukawa uji wa kunata, akauchanganya na ule mwingine. Kopo alilitoboa matundu kwa msumari.

Mara ya kwanza tambi zilikatika. Zilidondoka kwenye maji ya moto vipande vipande. Akakanda tena, zikakatika tena. Akaweka kopo chini, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Mikono imesahau," akasema.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, akisema maneno ya kwao ambayo hakuna aliyeyaelewa isipokuwa jina la Yunisi. Maman Furaha akajikunja akakaa naye chini, na mwili ule mkubwa, akamlaza kichwa begani. "Lia, papa," akawa anamwambia. "Lia sasa, lia."

Alipotulia nikafunga kanga kiunoni nikaingiza mikono kwenye bakuli. Nimesonga ugali maisha yangu yote, lakini ule unga wa choroko ulinikimbia vidoleni kama maziwa ya mgando. Wen akanielekeza, ongeza uji, tena, hapo hapo. Yeye akashika kopo, mimi nikasukuma kwa kiganja, Maman Furaha akasimama na ndoo ya maji baridi. Nyuzi zikateremka ndefu, zikazama, zikaibuka. Ziliingia nyeupe zikatoka unaona mpaka ng'ambo yake. Tukazianika kwenye kiango cha nguo sebuleni, karibu na bomba la kupashia joto, na wageni waliokuja kuhani wakawa wanainama kupita chini yake.

Sehemu tuliila siku hiyo kwa mchuzi wa kuku. Hazina ladha kubwa, niwaambie ukweli. Zinateleza, zinashuka zenyewe, huna haja ya kumeza. Nikaelewa kwa nini mtu ambaye koo lake limekataa chakula alizitaka.

Kurudi

Siku ya kuondoka Wen alitusindikiza mpaka pale asiyesafiri anapokomea. Jeneza lilikuwa limeshapelekwa kwenye mizigo, hata kuliaga tena haikuwezekana. Akanipa kifurushi, tambi zilizokauka, amezikunja kama misuko ya nywele na kuzifunga kwa karatasi.

"Za mama," akasema. "Mwambie asichemshe sana. Zikionekana kama maji, zimeiva."

Nikamwambia, "Shemeji, kaa salama." Nilitaka kusema jambo kubwa zaidi, sikulipata. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, Maman Furaha amemshika mkono wa koti kama mtu anayemzuia asidondoke.

Ndani ya ndege walipita wakitugawia chakula, jirani yangu akauliza kama nilikuwa matembezini. Nikasema ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kueleza kwamba ndugu yangu yuko chini ya miguu yetu.

Kiomboi

Mnajua jinsi mlivyotupokea. Ambalo hamlijui ni la jikoni. Mama alikuwa hali chakula, chai tu na maji. Mchana ule nilipowaacha uani nikachemsha supu ya kuku, nikaziloweka zile tambi, nikazitia, nikampelekea chumbani.

"Ni nini hiki?"

"Ni choroko zako, mama. Wen amezifanya tambi."

Akainua uzi mmoja kwa kijiko, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Akala. Akala bakuli lote, polepole. Kisha akauliza, "Nani alimfundisha kupika hivi?"

"Mama yake."

"Yu hai?"

"Alishafariki."

Akanirudishia bakuli, akalala akiangalia ukuta.

Kesho yake makaburini mlikuwepo wote, lakini waliosimama nyuma wananiambia hawakusikia vizuri, basi nimalizie hapo. Elia, mtoto wa mjomba, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Wajomba ndio waliouandika. Alisoma alipozaliwa, alipobatizwa, shule aliyosoma, kazi alizofanya nje ya nchi. Mimi nilikuwa nimeshika simu juu, Wen yuko upande wa pili anatazama, picha inaganda na kuachia. Elia akafika mwisho: "Marehemu ameacha mama, dada mmoja, na wajomba…"

"Na mume," mama akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, kanga imemfunika mpaka machoni. Elia akainua macho kwenye karatasi.

"Ameacha mume," mama akarudia, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya shamba. "Anaitwa Wen."

Elia akageuza ile karatasi, akaigeuza tena. "Wen nani, mama? Jina la ukoo?"

Mama akanitazama. Nami nilikuwa nimekula mezani kwa Wen siku zote zile, nimekanda naye unga, na jina la ukoo wake nilikuwa silijui.

"Soma hivyo hivyo," mama akasema. "Wen, mume wa Yunisi."

Elia akasoma: "Marehemu ameacha mume, Wen."

Kwenye simu ikasikika sauti, mbali, imekatikakatika, "Nipo, mama. Nipo hapa."

"Haya, mwanangu," mama akaitika, na Elia akaendelea kusoma.